Filamu Nyeusi ya Mama Taya

Kila ikifika saa kumi na moja jioni, Taya huwa amekwisha kumenya viazi, amebandika birika, na amesimama dirishani kumngoja mama yake. Waliishi wawili tu, ghorofa ya tatu, katika mji wa Sosnovka, mwendo wa saa mbili kwa treni kutoka Moscow. Mama yake, Klavdia Petrovna, alifanya kazi kwenye taasisi yenye ukuta mrefu. Hakuruhusiwa kusema mengi, ndiyo maana alipenda vitendawili.

"Kitendawili," husema akivua viatu vya theluji.

"Tega."

"Jiko langu halina kuni wala moshi. Unaweza kulikumbatia, nalo linawasha taa mahali ambapo jua linaonekana kama punje."

"Kinu chenu cha nyuklia cha kwenda angani. Mama, hicho umekitega mara mia."

"Basi usikitegue huko barabarani."

Mji mzima ulijua. Chombo kinachokwenda mbali sana na jua hukosa umeme, hivyo akina Klavdia waliunda kinu kidogo cha kukipa. Joto la urani hugeuzwa umeme, basi. Lakini kabla hakijaruka, kilipaswa kufanya kazi miezi sita chini hapa, ukumbini, bila kuzimwa hata mara moja. Sasa kilikuwa na miezi mitano.

Kila mfanyakazi alivaa kifuani beji yenye kipande cha filamu. Mionzi ikiigusa, filamu hugeuka nyeusi. Jioni beji hutundikwa getini kwenye msumari wenye namba ya mwenyewe. Kwenda nayo nyumbani ni marufuku.

Ijumaa ile, kesho yake ikiwa Siku ya Wanawake, wanaume wa karakana walisimama getini wakimbandika kila mama maua ya njano kifuani. Watu wakacheka, wakapongezana. Maua ya Klavdia yakaifunika beji yake, akaenda nayo nyumbani bila kujua.

Jumamosi Taya alipotoa maua kwenye koti ayatie maji, akaikuta. Akashuka nayo mbio kwa rafiki yake Inga, ghorofa ya kwanza. Kwa akina Inga kulikuwa na saa kuukuu ya ndege ya vita, yenye namba zinazong'aa gizani.

"Babu alisema rangi yake inatoa mionzi," Inga alisema. "Tuilaze beji juu yake, tuone kama inaona kweli."

"Hapana. Ni ya kazini."

"Mwoga wewe. Mtoto wa mtaalamu, unaogopa saa?"

Wakailaza juu ya kioo cha saa mpaka Jumapili jioni. Kisha Taya akairudisha kwenye koti, akanyamaza. Jumatatu asubuhi mama yake akaiona, akabadilika rangi, naye akanyamaza. Getini akaitundika harakaharaka, kana kwamba ililala pale.

Jumatano Taya alirudi kutoka shuleni akamkuta mama yake amekaa jikoni, koti bado mwilini.

"Mbona mapema, mama?"

"Filamu yangu imetoka nyeusi tii. Wamenitoa ukumbini. Kesho napimwa damu."

"Unaumwa?"

"Sijui, mwanangu. Sisikii kitu. Wanatafuta ufa kwenye kinu. Wasipouona hadi kesho kutwa saa sita mchana, watakizima."

"Wakikizima?"

"Tunaanza upya kuhesabu miezi sita."

Tangu hapo Taya hakutulia. Akikaa, anainuka, akifungua daftari, analifunga. Alitafuna ncha ya msuko wake mpaka ukalowa. Alhamisi shuleni akamvuta Inga pembeni.

"Nitasema."

"Ukisema, mama yako atakamatwa kwa kutoka na beji. Nyamaza. Damu itaonekana safi, yataisha."

"Na kinu?"

"Chuma tu hicho."

Jioni mama yake alirudi na bandeji mkononi. Akafungua kabati. "Koti lako la kiangazi liko hapa. Namba ya simu ya shangazi yako nimeibandika mlangoni. Wakinilaza hospitali, utakwenda kwake."

Taya akalifunga kabati. "Mama, huumwi. Ni mimi." Akasema yote, kuanzia maua mpaka saa.

Taya akangoja kofi. Halikuja.

"Nami nilijua imelala nyumbani," mama alisema mwishowe. "Nilisema nani ataona? Vaa viatu."

Getini wakamwomba mlinzi amwite Arkadi Lvovich, mzee wa usalama wa mionzi. Alikuja macho mekundu, hajanyoa ndevu. Akasikiliza. Akaenda nao kwa akina Inga na kipimio chake cha mionzi. Kilipoikaribia saa, kikatatarika kama mafuta ya moto. Akaitia saa kwenye sanduku la madini ya risasi, lisilopitisha mionzi.

"Saa ya babu," Inga akalia.

"Babu alikuwa rubani hodari. Wewe kanawe mikono."

Ofisini aliwapa karatasi. Klavdia akaandika ya kwake, Taya ya kwake, kila tukio na siku yake. Arkadi akazisoma zote mbili, akainua simu. "Acheni kutafuta. Kinu hakina ufa, kiendelee. Watu waende wakalale." Akamgeukia Klavdia. "Onyo la maandishi, na mwezi mzima hutaingia ukumbini."

"Nimekubali."

"Watu arobaini siku mbili hawajalala, wakitafuta ufa usiokuwepo," akamwambia Taya. "Kinu kile kitakapokuwa angani, hakuna fundi atakayekwenda kukitazama. Tutaziamini namba zinazokuja kutoka kwake, basi. Ndiyo maana hapa chini anayekosea husamehewa, lakini anayeficha kosa anatupofusha sote. Umekuja umechelewa, binti. Lakini umekuja kabla ya saa sita."

Taya akauliza kama anaweza kwenda kumwambia kila mmoja wa wale arobaini pole.

"Kesho," Arkadi alisema. "Sasa hivi waache walale."