Gawio Nono, Kampuni Iliyokonda

Fundi cherehani alikuwa kibarazani, pini mbili kwenye kola, akipanua kiuno cha suruali ya dalali wa hisa. Mumewe, mchomelea vyuma, akaingia akihema.

"Mke wangu, zile fedha za cherehani ya pili, tununue hisa za kampuni ya umeme! Kaka yangu kanunua. Gawio ni kumi na sita kwa mia!"

"Gawio ndiyo nini?"

"Faida wanayogawiwa wenye hisa. Pesa ya kukaa tu!"

Fundi aliguna. Fedha zile alizishonea sare za shule miaka mitatu. Zikipotea, cherehani ndiyo basi tena.

Dalali alipofika kujaribu suruali, akamuuliza.

"Mama, mwaka jana hisa moja ya umeme iliuzwa shilingi mia, gawio shilingi nane," dalali akasema. "Leo inauzwa hamsini, gawio ni nane ileile. Gawanya gawio kwa bei."

Fundi akaandika kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa. Nane kwa hamsini ni sawa na kumi na sita kwa mia. Akaitazama chaki yake.

"Ala! Kumbe ni kama wateja wangu. Wananiambia gauni limeongezeka, kumbe wenyewe wamekonda!"

"Hapo umenena. Sasa uliza, kampuni imekonda kwa nini?"

"Lakini si wanagawa?" mume akadakia. "Mwenye njaa hagawi."

"Wapo wanaokopa ili wagawe, bwana." Dalali akafungua taarifa ya hesabu ya kampuni. "Faida kwa kila hisa ni tatu. Wanagawa nane. Tano zinatoka wapi?"

"Kwenye deni," fundi akajibu. "Na deni lina riba. Kikulacho ki nguoni mwako!"

"Sasa tununue ipi?" mume akauliza.

Dalali akawaonyesha kampuni ya gesi. Hisa yake iliuzwa shilingi mia, gawio sita tu. Lakini faida ilikuwa kumi kwa kila hisa, wateja walilipa kwa wakati, na deni lilipungua kila mwaka.

"Hata hii bei yake yaweza kushuka," akaonya. "Usitie zote."

Fundi alitia nusu. Nusu ikabaki benki.

Mwaka uliofuata, kampuni ya umeme ilitangaza kwamba haina gawio. Ya gesi ililipa. Fundi akajumlisha gawio, akiba ya benki na ushonaji wa mwaka mzima, akanunua cherehani ya pili.

Kule karakana, mumewe hakunyamaza. "Mke wangu anaipima kampuni kiuno, mabega na mikono! Nyie mnapima nini?"

Jioni moja kaka yake, yule wa hisa za umeme, akaja, taarifa ya kampuni nyingine kwapani.

"Shemeji, nicheke ukitaka, lakini nisaidie. Hii inagawa ishirini kwa mia."

"Sikucheki, shemeji yangu," fundi akasema, akimsogezea kiti. "Kaa. Tuanze na deni lake."