Ndago za Bibi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alimshika bibi yake mkono na kumtembeza sebuleni. Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Bibi alikuwa ameugua, na sasa alikuwa anajifunza upya kutembea. Hamu yake ilikuwa moja tu: kutembea uani pekupeku, kama zamani.

Lakini nyasi za uani zilikauka kwa uhaba wa maji, ardhi ikawa ngumu kama sakafu. Chiriku alipokuwa likizo kwa shangazi yake, mama alileta ndago kutoka porini, mmea usiolilia maji, akazipanda ua mzima.

“Nimepanda majani mapya ya bibi yako,” mama alimwambia aliporudi. “Ning'olee magugu.”

Katika bustani ya shule, ndago ndiyo gugu la kwanza kung'olewa. Chiriku hakuuliza. Aling'oa ndago zote, akabakiza vijani vyenye maua ya njano, tena akavimwagilia maji kwa mapenzi.

“Ndago zangu zinaendeleaje?” Bibi aliuliza kutoka dirishani.

Chiriku akagutuka: kumbe yale majani mapya yalikuwa ndago! Mbuzi wa jirani walikuwa wakilia nyuma ya ua, na uongo kwamba wao ndio waliozila ukamjia hadi ncha ya ulimi.

“Kuna nini, mjukuu wangu? Unaumwa?”

Chiriku akaangua kilio. “Nimezing'oa mimi, bibi! Nilidhani ni magugu!”

Mama alitoka mbio, akashika kichwa. Kisha akayaona magugu yaliyomwagiliwa vizuri, akacheka hata akakaa chini. Mizizi ya ndago ilikuwa bado mibichi. Wakazirudisha zote udongoni jioni ile ile, Bibi akiwaelekeza kutoka kwenye kiti chake.

Ndago zilishika, zikasambaa, zikafunika ua. Siku Bibi alipovua viatu, Chiriku alimpa bega. Bibi alikanyaga polepole, machozi yakimlengalenga.

“Siku nyingine uliza kabla ya kung'oa,” alisema.

“Ndiyo, bibi. Bado umenikasirikia?”

“Nikukasirikie nini? Ndago zinapandwa tena. Ungenidanganya, ningewezaje kuliegemea bega hili bila kuogopa?”

Chiriku alilisogeza bega lake karibu zaidi, wakaendelea kutembea.