Risasi ya Kwanza Kutoka Kalibuni

Mimi ni mtu mkali na sitaki huruma ya yeyote. Nasema mapema, msije mkanililia bure.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima nilipofika kwa Mjomba Arvil kuchukua kalibu ya kusubia risasi za gobore langu. Ile ya chuma ya marehemu baba ilikuwa imeliwa na kutu, nikamwagiza anitengenezee nyingine. Shughuli ya kawaida kabisa katika milima yetu ya Kentucky. Lakini katika majuma mawili ya kuisubiri, mwanangu Ona, wa miaka sita, alishikwa na homa isiyoshuka. Akabaki macho na mifupa.

Mjomba alikuwa mhunzi, na watu wa bonde letu walijua ana ufundi mwingine pia. Akaniwekea kalibu mkononi. Shaba njano tupu, nusu mbili zilizofungana kama ganda la karanga, ina mipini ya mbao na bamba la juu la kukatia risasi inayofurika. Ilikuwa nzito, inang'aa, haijawahi kuonja moto.

"Mtoto vipi?" akauliza.

"Anakwisha, Mjomba. Daktari wa mgodini kaleta chupa. Chupa imekwisha, homa ipo."

Akafunga mlango. Akanong'ona.

"Kuna mtu mnamdhania?"

"Yupo. Ni Ru..."

Akaniziba mdomo kwa kiganja kilichojaa masizi.

"We mpumbavu! Jina halitajwi. Ukilitaja analisikia, anajikinga. Usilitamke kwa mtu, hata kwa mkeo kitandani."

Ninyi nawatajia kwa kuwa yameshapita. Nilimdhania Ruhama, mjane wa ng'ambo ya kijito. Alizisifu nywele za Ona siku moja, na kesho yake mtoto akaanza kutapika. Isitoshe, sikuwa nampenda.

Mjomba akanipa masharti. Risasi ya kwanza ya kalibu mpya, yenye fedha ndani yake. Picha ya mchawi kwa mkaa juu ya ubao, bila uso, asije akamwona mpigaji. Nipige jua likizama.

"Lenga mguu," akasema. "Mguu unamfunza, anamwachia mtoto. Tumbo linamuua. Halafu sikiliza, Verlin. Ndani ya siku tatu atakuja kuazima kitu. Chochote. Atakuja mara tatu. Ukimpa hata punje ya chumvi, mtoto utamzika wewe."

Kesho yake alasiri niliichemsha kalibu kwa maji na sabuni ya majivu mpaka mafuta yote ya karakana yakatoka. Nikaikausha. Nikawasha kijiti cha msonobari chenye utomvu, nikaifukizia ndani hadi mashimo yakawa meusi. Kisha nikaiweka pembeni mwa jiko ishike joto polepole. Kalibu ikiwa baridi inazaa risasi zenye makunyanzi. Kila msubu risasi anajua hilo, za kwanza hata kumi huzirudisha chunguni. Mimi sikuwa na ruhusa ya kurudisha hata moja.

"Tuna fedha gani humu ndani?" nikamuuliza mke wangu.

Delphia hakufikiri. Alifungua sanduku, akatoa kijiko cha fedha ambacho mama yangu alimtunza siku ya harusi yetu.

"Hiki," akasema. "Sijawahi kukipenda."

Nikakipiga tupa. Vumbi lake nikalitia katika uji wa risasi uliokuwa ukichemka, nikatupia nta ya nyuki, nikakoroga. Moshi ukapanda. Ulipaswa kunukia asali.

Ulinuka nywele zilizoungua...

"Nichoree yule mwanamke ubaoni, bila uso," nikamwambia Delphia. "Sitamki jina. Unamjua."

Akakitazama kipande cha kijiko kilichobaki.

"Namjua," akajibu, akachukua mkaa.

Nikamimina. Kwa kawaida uji wa risasi unaingia kalibuni kimya. Huu ulivutwa. Fyooo... kama mtoto anayenyonya. Nikasubiri, nikaligonga bamba kwa gongo, nikafungua.

Risasi ikaanguka juu ya kitambaa. Nyororo. Haina kunyanzi hata moja.

Miaka ishirini nasubu risasi. Sijawahi kuona ya kwanza ikitoka hivyo. Sioni aibu kusema niliogopa.

Ubao niliuegemeza kwenye kisiki nyuma ya zizi. Mwanamke wa mkaa, sketi ndefu, kitambaa kichwani, mgongo umepinda. Ruhama alikuwa na kibiongo. Wanawake wazee wote wa bonde letu wana vibiongo.

Mjomba alisema mguu. Nilimkumbuka mwanangu akitapika nyongo.

Nikalenga tumbo.

Gobore likanguruma, milima ikajibu. Nikatega sikio kuelekea ng'ambo ya kijito, nikitamani kusikia ukelele. Nilichosikia ni Ruhama akiwaita kuku wake waingie bandani, sauti ikiwa nzima kabisa. Nikajisemea, subiri tu, bibi.

Jioni iliyofuata mlango uligongwa. Nilifungua huku nikicheka.

Alikuwa mama yangu.

Alikaa peke yake juu kidogo ya bonde, si mbali. Mkono mmoja alikuwa ameushika tumboni.

"Verlin, mwanangu, niazime chumvi kidogo. Tumbo limenikamata tangu jana jioni, nataka nichemshe maji ninywe."

Kopo la chumvi lilikuwa mezani, analiona.

"Hatuna, Mama."

"Hilo je?"

"Nimesema hatuna!"

Akaniangalia kama mtu aliyepigwa kofi kanisani. Akageuka, akapanda njia polepole. Na kabla sijafunga mlango, Ona, aliyekuwa hajasema neno kwa siku nne, aliita kutoka kitandani.

"Mama... nataka maziwa."

Ndipo nikaamini. Mungu anisamehe, niliamini.

Siku ya pili alikuja na gongo. Midomo ilikuwa ya buluu.

"Blanketi, Verlin. La usiku mmoja tu. Nasikia baridi hadi kwenye mifupa."

"Rudi kwako, Mama."

"Nimekukosea nini? Si uniambie? Nilikuzaa katika theluji nikakufunika kwa sketi yangu, leo unaninyima blanketi?"

Delphia alikuwa amesimama nyuma yangu, kiganja chake mgongoni kwangu. Hakikutetemeka. Nikafunga mlango. Jioni hiyo Ona alikaa kitandani, akala mkate wa mahindi uliolowekwa katika mtindi.

Siku ya tatu mama alikuja kwa kutambaa.

Nilimwona dirishani tangu kwenye uzio. Sketi ilikuwa imejaa matope. Alifika kizingitini jua likiwa limebaki kidole kimoja juu ya mlima.

"Kikombe cha maji," akanong'ona. "Nitakirudisha."

Nilimpenda mama yangu. Sikumpenda kidogo. Nilikwenda kwenye pipa, nikachota, nikakishika kikombe, nikaanza kurudi mlangoni. Ona akakohoa, kikohozi kile cha zamani cha kifua kinachochanika.

"Chagua," akasema Delphia.

Nikakiweka kikombe chini.

Kwaru... kwaru... Kucha za mama zilikuwa zikiukwaruza mlango kwa chini. Mimi nilikaa nimeuegemea kwa ndani, nikihesabu. Kwaru... Nilifika mia mbili na kumi.

Kimya.

Nje jua lilikuwa limezama. Ndani Ona aliteremka kitandani kwa miguu yake mwenyewe, akaomba maharage.

Kesho yake majirani walikuja kumwosha marehemu, na Ruhama akiwa wa kwanza, kibiongo chake kilekile, afya tele. Alinivuta pembeni akafunua shuka kidogo. Katikati ya tumbo la mama palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa dole gumba. Ngozi haikutoboka.

"Umewahi kuona kitu kama hiki?" akauliza. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Masikini. Naye Ona kapona, eti? Watoto wote wa bonde wamepona juma hili. Homa imejipitia zake."

"Wote?"

"Wote. Hata wale wa kule kwenye kinu cha kusagia mahindi ambao hawakunywa dawa yoyote."

Sikungoja watu watawanyike. Nilimkuta Delphia jikoni akimenya viazi, Ona pembeni yake na bakuli la maharage.

"Ulimchora nani?"

"Yule."

"Yule nani, Delphia?"

"Uliniambia namjua. Nikamchora ninayemjua."

"Mama yangu hakuwa mchawi!"

Aliendelea kumenya. Ganda lilishuka refu, halikukatika.

"Basi risasi ilimpataje?"

Nikatazama kile kisu chake, nikamtazama yeye, mwanamke niliyelala naye miaka tisa, nikaona simjui hata kidogo.

Akamwongezea Ona maharage.

"Mtoto anakula," akasema. "Unataka nini tena?"