Mgeni Aliyengoja Mkojo

Kila asubuhi nyumba yao ilikuwa na foleni mbili, ya bomba na ya choo. Kiherehere, msichana wa darasa la sita aliyepewa jina hilo na bibi yake mwenyewe, alizisimamia zote bila kuombwa. Siku hiyo mama yake mdogo, bondia wa kulipwa, ndiyo kwanza alikuwa anatoka chooni mlango ulipogongwa.

Mwanamke mwenye kitambulisho shingoni aliingia na mkoba wa vichupa. "Nimekuja kukupima kama umetumia dawa zilizokatazwa michezoni. Naomba mkojo."

"Leo?" Mama mdogo akashika kiuno. "Dada yangu, nimetoka huko sasa hivi. Na basi la kutupeleka kwenye pambano liko njiani."

"Nitangoja. Ila usitoke machoni pangu. Ukiondoka bila kupimwa, itahesabiwa umekataa, na pambano utalikosa."

Ikawa kazi ya kunywa maji. Mama mdogo akienda jikoni, mpimaji nyuma. Akienda kuanika taulo, mpimaji nyuma. Wapangaji wakaacha foleni zao wakaja kutazama.

"Umepata kivuli kipya?" jirani akauliza.

"Nyamaza, nisije nikakufanyia mazoezi ya ngumi."

Basi likafika, dereva akapiga honi. Bibi akafyonya. "Mtu mzima, mkojo tu unakushinda. Kunywa tena."

"Mama, nikiongeza bilauri moja nitaelea."

Honi ikalia tena. Kiherehere akashindwa kuvumilia. Akachukua kikombe, akapotelea chooni, kisha akarudi na kumnong'oneza mama yake mdogo, "Chukua huu wangu. Ukiingia, mimina tu kwenye kichupa."

Mama mdogo akakitazama kikombe, akatazama mlango wa nje. Halafu akapumua kwa nguvu.

"Jamani, nyumba hii! Mimi hata dawa ya mafua simezi bila kumuuliza daktari, halafu wewe unataka nidanganye, tena bila sababu?"

"Na hicho ni kikombe changu cha chai," bibi akasema.

"Ningeona," mpimaji akamwambia Kiherehere. "Chooni ninaingia naye. Kubadilisha mkojo adhabu yake ni kufungiwa, hata kama hakumeza kitu."

Basi likaondoka. Mama mdogo akalisindikiza kwa macho, akajaza bilauri nyingine. Baadaye mkojo ukapatikana, vichupa vikafungwa mbele yake, akatia sahihi, akabeba begi lake kwenda kutafuta basi la abiria. Kiherehere akasimama mlangoni, machozi yakimlengalenga.

"Nilitaka kukusaidia tu, mama mdogo."

"Najua. Lakini sikiliza. Aliyemeza dawa anaweza kumlemaza mwenzake ulingoni, ndiyo maana wanatupima, hata wakituudhi namna hii. Na mtu safi akidanganya ili awahi, nani atamtofautisha na mchafu? Siku nyingine ukitaka kunisaidia, mwanangu, niache nichelewe."