Pikipiki Isiyoonjwa

Jioni ile Gratien alipanda bodaboda kutoka Katumba kwenda mjini Mpanda kwa shughuli moja tu, kuchukua pikipiki yake mpya. Mkewe, Odeta, alimwambia asichelewe, mawingu hayakuwa mazuri. Gratien akacheka. Mawingu ndiyo aliyokuwa anayataka. Njia nzima alimsimulia dereva habari za injini mpaka dereva wa watu akachoka kuitikia.

Tusimcheke. Alikuwa na sababu yake.

Masika ya mwaka juzi alimpakia Odeta kwenye pikipiki yake ndogo, uchungu umeshamshika, wanakimbilia hospitali. Mvua ikawakamata njiani. Maji yakaingia kwenye injini, ikakohoa, ikazima. Gratien alipiga kiki mpaka ngozi ya mguu ikachubuka. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa pale pale kando ya barabara, kwenye tope, na hakulia. Sasa Mungu alikuwa amewapa mwingine, Joséline, bado ananyonya, na Gratien alikuwa ameapa kwamba hakuna injini itakayomzimikia tena.

Kazi yake ni ufundi wa sola. Ana kibanda Kashaulili, huko huko mjini, karibu na soko, na kila siku ya Mungu anakwenda na kurudi, jua liwake au mvua inyeshe. Mtu kama huyo anahitaji pikipiki ya kweli. Na katika mambo ya pikipiki alikuwa na mshauri mmoja tu, Respicius, Mfipa mwenye gereji nyuma ya soko. Walikuwa zaidi ya marafiki. Binti wa Respicius, Romana, Gratien ndiye aliyemsimamia ubatizo. Akipita gereji bila kumletea pipi, anasutwa wiki nzima.

Kuchagua kuliwachukua muda. Gratien alipenda pikipiki moja nyekundu ya mbio, imeinama mbele utadhani inanusa barabara. Respicius akaikataa.

"Hiyo utailalia kama mgonjwa kitandani. Siku ya kwanza raha, ya tatu unatafuta wa kukukanda mgongo. Na tairi zake laini. Kwenye utelezi wa Katumba si utazikwa?"

Gratien akaitaka nyingine ndefu, ya porini.

"Miguu yako inafika chini? Haifiki. Hiyo utaanguka nayo ikiwa imesimama."

Kisha siku moja akampigia simu. Alikuwa amepata nyeusi, ya Kijapani, nguvu zake ni za mbio lakini unakaa wima. Tairi zina meno ya mvua. Breki haziumi zikakwama kwenye tope. Madigadi marefu, waya zote zimefunikwa. Respicius akashusha sauti.

"Hii haizimi kwenye maji, Gratien. Nakuahidi mimi."

Alijua neno la kugusa. Gratien alikubali kabla hajaiona.

Sasa hapa pana jambo la kwao Gratien ambalo lazima lisemwe. Wazee wa Katumba waliotoka Burundi hawanywi pombe ya kuletewa mpaka aliyeileta aonje kwanza mbele ya macho yao. Ni heshima, na ni kinga. Baba yake Gratien, mzee Dieudonne, alizidisha. Yeye alidai kuonjwa kwa kila kitu. Aliyewahi kumuuzia baiskeli alilazimishwa kuizungushia kanisa kwanza, watu wanatoka ibada wanashangaa. Lakini ndugu wa damu, au rafiki aliye kama ndugu, hadaiwi kuonja. Ukimdai ndugu yako, ni sawa na kumwambia mbele za watu, wewe mchawi.

Gratien alipofika gereji, Respicius alikuwa anaisukuma ile pikipiki kutoka banda la nyuma. Kulikuwa na mteremko mdogo, mtu yeyote angeikalia ikaserereka yenyewe. Yeye aliisukuma, jasho linamtoka, ameuweka mwili mbali nayo.

Gratien akafungua kinywa aseme, panda kwanza, ionje.

Akakifunga.

Huyu ni Respicius, bwana. Aliona haya hata kwa kuwaza.

"Romana anaendeleaje?" aliuliza badala yake. Mtoto alikuwa anaumwa homa ambayo hospitali walipima wakachoka, haina jina.

"Leo ana afadhali," Respicius alijibu akiangalia chini. Ufunguo alimpa umefungwa kwenye kitambaa. "Nenda moja kwa moja nyumbani. Usiizime njiani."

"Kwa nini?"

"Injini bado inazoea. Nenda, kaka, mvua hiyo."

Gratien akamkumbatia. Mwenzake alikuwa anatetemeka, naye akadhani ni baridi.

* * *

Lo, pikipiki ilikuwa pikipiki! Iliunguruma kwa sauti nzito, imetulia. Alipotoka mjini matone ya kwanza yakaanza kumpiga kwenye kofia. Akaongeza mafuta kidogo, ikaruka. Akafunga breki kwenye lami iliyolowa, ikasimama papo hapo bila kuyumba. Gratien akapiga kelele za furaha peke yake kama mwehu.

Lami ilipoisha na tope kuanza, alihisi shokapu za nyuma zikishuka.

Taratibu... kama mtu mzima anavyokaa, akajiweka sawa.

Tope, alijisemea. Tope limeshika kwenye madigadi.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa anarudi mjini akampigia honi, akapunguza mwendo.

"Bosi! Mwambie mama akunje kitenge! Kitaingia kwenye mnyororo!"

Akapita.

Gratien akageuka. Siti ya nyuma ilikuwa tupu, inang'aa kwa maji. Mvua ilikuwa inapiga kila mahali juu ya siti ile, isipokuwa katikati. Pale katikati palikuwa pakavu.

Hakusimama. Mkono wake ulikuwa umeganda kwenye mpini wa mafuta. Ikaja harufu, ya nguo zilizokaa kwenye maji siku nyingi bila kuanikwa. Ilitoka nyuma ya shingo yake, ndani ya kofia, mahali ambapo upepo haufiki.

"Kwako ni wapi?"

Sauti ya mwanamke. Ya upole. Vile vile anavyouliza abiria yeyote.

Na Gratien, ambaye maisha yake yote amewapakia watu, mama zake wadogo, majirani, wagonjwa, akajibu kabla akili haijamwahi. Mtu akikuuliza njiani unajibu. Ndivyo alivyolelewa.

"Katumba. Nyumba ya pili baada ya ghala la tumbaku."

"Kuna mtoto?"

Hapo akili ikamrudia. Akauma meno. Mikono miwili ikamzunguka kiunoni, baridi ikapenya koti la mvua, shati, ngozi.

"Respicius kasema yupo," sauti ikanong'ona. "Mdogo. Nilikuwa nimekaa na wa kwake. Akalia sana yule baba. Akasema ana rafiki, atanipeleka."

Jamani.

Gratien hakuuliza, rafiki gani? Alitamani angalau awepo mwingine. Alitamani Respicius awe na marafiki wengi.

Akaigeuza pikipiki katikati ya barabara, matairi yakachota tope, na pikipiki haikuteleza hata kidogo. Nzuri kweli kweli, Mungu amlaani aliyeichagua.

* * *

Nyumba ya Respicius iko Misunkumilo, pembeni kabisa ya mji, mashamba yanaanzia ukutani. Giza lilikuwa limeshaingia. Gratien akaingia na pikipiki mpaka uani, taa ikamulika dirisha. Injini akaiacha inaunguruma. Kitu fulani kilimwambia asiizime.

Pazia likasogea. Uso wa Respicius ukaonekana nyuma ya nondo.

"Usiizime," Respicius alinong'ona. "Gratien, nakuomba. Usiizime hapa."

"Ni nini hiki ulichonipa?"

"Sijui."

"Respicius!"

"Haki ya Mungu sijui! Aliyeniuzia alikuja anaisukuma. Mvua inanyesha, yeye anaisukuma tu, nikamcheka. Mimi nikapanda, nikaja nayo hapa, nikaizima hapo hapo ulipo. Usiku ule ule Romana akaanza kuumwa. Anasema kuna mama kakaa miguuni pake, amelowa." Akatazama siti ya nyuma. "Kitu hicho kinashuka pale pikipiki inapozimika. Hakipandi tena mpaka apatikane mwingine wa kuichukua pikipiki kwa hiari yake."

"Na ukanichagua mimi."

Respicius akashika nondo za dirisha.

"Mpanda yote hii, Respicius. Kuna watu hata majina yao huyajui. Kuna waliokudhulumu. Kwa nini mimi, baba wa ubatizo wa mwanao?"

Mvua ikapiga bati. Respicius alikuwa analia, machozi yanaonekana kwenye mwanga wa taa.

"Nilijaribu wengine," alisema. "Wawili walikuja. Kila mmoja aliniambia, panda kwanza wewe tuone. Wewe tu... nilijua wewe hutaniambia."

 Haya aliyoiona Gratien pale gereji, ile heshima, ndiyo iliyomponza. Mtu huyu alikula kwake. Alisimama kwenye kaburi la mtoto wake wa kwanza, akashika jembe.

Pumzi ya baridi ikamgusa sikio.

"Nishuke hapa?"

Kidole cha Gratien kikaenda kwenye swichi. Kuzima ni kubonyeza tu. Kinarudi kilikotoka, mwenye nacho atajua la kufanya nacho. Haki yake, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Ba' mkubwa?" sauti ndogo ikatoka ndani. "Baba, huyo si ba' mkubwa Gratien? Mwambie nimekunywa uji wote! Mwambie!"

Romana.

Kidole kikabaki juu ya swichi. 

Akamtazama Respicius, na Respicius akainamisha macho, na hapo Gratien akaelewa kwamba hili nalo lilikuwa limeshapigiwa hesabu. Rafiki yake alijua atarudi. Alijua pia hataweza kuizima.

"Wewe si mtu," Gratien alimwambia.

Akaondoa kidole.

* * *

Alikwenda bila kujua anakwenda wapi. Alichokijua ni kimoja, kwamba asielekee Katumba. Alishika njia ya mashambani, akapita nyumba ya mwisho, akapita mizinga ya nyuki, mpaka pakabaki miti na mvua. Taa ya mafuta ikawaka. Nyuma yake palikuwa kimya, lakini shokapu bado zilikuwa chini, na mikono bado ilikuwa kiunoni.

Mafuta yakiishia hapa, aliwaza, kitashukia porini. Kiwe cha porini. Kama kina njaa, kinile mimi.

Simu ikaita mfukoni. Akasimama, mguu mmoja kwenye tope, injini inaunguruma, akaitoa kwa vidole vilivyokufa ganzi.

"Baba Jose, uko wapi?" Odeta alikuwa ananong'ona, maana yake mtoto amelala. "Ugali umepoa. Nimekuachia mlango."

"Funga mlango."

"Nini?"

"Mama Jose, nisikilize. Funga mlango, weka komeo. Hata ukisikia sauti yangu, hata nikikuita kwa jina, usinifungulie mpaka kupambazuke."

"Gratien, umekunywa?"

"Funga!"

Alisikia miguu yake, kisha komeo. Akashusha pumzi.

Injini ikakohoa.

Mara moja. Ya pili. Mlio ule ule wa mwaka juzi, na moyo wake ukapasuka vile vile. Kisha ikazima.

Kimya... mvua tu kwenye majani.

Shokapu za nyuma zikapanda juu, taratibu. Mikono ikaachia kiuno chake. Gratien alingoja kuguswa. Alikuwa ameshajiandaa, ameshamtaja Bwana Yesu, ameshamtaja na mtoto wake wa kwanza. Hakuguswa. Harufu ikapungua, ikapungua, ikaisha. Akageuka, akamulika kwa simu. Hakukuwa na mtu, wala alama ya mguu kwenye tope.

Imekwisha, alijiambia. Akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima na akili zake.

Simu ilikuwa bado hewani. Akaisogeza sikioni.

"Mama Jose?"

"Nipo. Umenitisha mwenzio, nimekaa nimemkumbatia mtoto hapa." Kwa mbali, huko nyumbani, mlango ukagongwa. Mara tatu, kwa upole. Odeta akasikiliza, kisha sauti yake ikalegea kwa nafuu. "Ah, afadhali. Ngoja kidogo, baba Jose."

"Odeta, usifungue. Nimekwambia usifungue!"

"Si wewe. Wewe nimekuelewa. Ni shemeji Respicius, anasema umeanguka na pikipiki, amekuja kunichukua."

"Nimemwacha kwake! Odeta! Huyo siye!"

Lakini alikuwa ameshaweka simu mezani. Gratien akapiga kelele; nyumba alikuwa ameielekeza yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Alisikia kiti kikisogezwa. Alisikia Joséline akiamka, akiguna, akibembelezwa begani. Alisikia komeo likivutwa.

"Maskini, umelowa mpaka kwenye mifupa," Odeta alisema. "Pita ndani, shemeji. Wewe si mtu wa kusimama mlangoni."