Kofi Moja Mbele ya Kamera

Kila Jumatano baada ya masomo, klabu yetu ya filamu ilikutana katika maabara ya kompyuta. Rafiki yangu, tuliyemwita Sindano kwa wembamba wake, alishika kamera. Mimi nilishika kinasa sauti. Kila nilipokiwasha, nilitakiwa kupiga kofi moja mbele ya kamera. Baadaye Mwalimu alilinganisha kofi lililoonekana na lililosikika, ndipo maneno yakaoana na midomo.

Kazi hiyo ilinichefua! Kila mgeni alimsifu Sindano. Mimi nani aliniona?

Siku tuliyomrekodi mkunga mstaafu, nilizima kinasa sauti alipotulia kunywa chai. Nilikiwasha tena angali na kikombe mkononi, lakini sikupiga kofi. Nipige makofi kama mtoto wa chekechea?

Wiki iliyofuata, Mwalimu alituonyesha filamu kwenye kompyuta. Kuanzia katikati, mkunga alifumba mdomo huku sauti yake ikiendelea kusema. Wenzetu wakaangua kicheko.

"Sindano ndiye aliyeharibu!" nilidakia. "Anapenda sifa tu, kazi hajui!"

"Mwongo wewe! Kamera sikuizima hata mara moja!"

Mwalimu alikunja uso. "Mkunga anakuja kesho kuitazama. Nimwambie nini? Sindano, weka kamera. Hutaigusa tena."

Sindano aliiweka mezani, akatoka machozi yakimlengalenga. Hasira zangu zote zikanigeukia mwenyewe. Nimemsingizia rafiki yangu mchana kweupe, eti kwa sababu ya sifa!

"Mwalimu, ni mimi," nilisema. "Nilizima, na nilipowasha sikupiga kofi."

"Na ukamwacha mwenzako aadhibiwe?" alifoka. "Haya, vaa hedifoni. Tafuta mlio mwingine wa kulinganisha na picha."

Nilisikiliza tangu nilipowasha tena. Mara, ko! Mkunga alikuwa ametua kikombe mezani, na kwenye picha kilionekana kikigusa meza. Mwalimu alioanisha mlio na picha; maneno yakarudi midomoni.

Sindano aliitwa, akarudishiwa kamera. Nilimwomba radhi mbele ya wote.

"Nimekusamehe," alisema, "lakini bado nimekukasirikia."

"Ana haki," Mwalimu aliniambia. "Leo umeokolewa na kikombe. Kazi isiyosifiwa nayo ni kazi, ifanye vizuri. Na ukikosea, sema mapema, usingoje mwenzio alie."

Kesho yake mkunga alipokuja, Sindano aliwasha kamera ili tumrekodi akiitazama filamu, kisha akanikazia macho.

"Kofi!"

Nililipiga mpaka viganja vikawasha.