Birika la Bi Wadha

Jumamosi moja ya mwaka 1996, Mahfoudha, jirani yetu wa Ghubra, Maskati, alipika wali na samaki, akamngoja mumewe Thabit arudi kutoka kiwandani kwake. Siku yenyewe ya kawaida, joto tu. Thabit akala, akanywa jagi zima la maji, akaomba jingine.

"Maji haya yana vumbi," alisema.

Mahfoudha akayaonja. Matamu, ya baridi. Thabit akatema kwenye sahani. Alichokitema kilikuwa saruji.

Mahfoudha akamkumbuka Bi Wadha, shangazi yake Thabit, aliyemlea tangu mdogo. Bibi huyo alikuwa na bustani hapohapo Ghubra, yenye milimau, miasumini na birika kubwa la maji ya kisima. Kila Alkhamisi jamaa waliotoka Unguja wakija kutandika mikeka, watoto wakiogelea, wanawake wakicheka mpaka magharibi. Alipolazwa hospitali alimwachia Thabit bustani aitunze. Thabit akaleta tingatinga. Bi Wadha alipotoka, alikuta kiwanda cha matofali.

"Birika langu li wapi, mwanangu?"

"Nimelifukia, shangazi. Mji unakua."

Bibi hakupiga kelele. Alimvuta karibu, akamnong'oneza, na Mahfoudha alisikia: "Umenikausha. Na wewe utakauka."

Wiki haikwisha, akafa.

Sasa Thabit alikuwa anakauka. Midomo ilimpasuka. Ngozi ikawa ya kijivu. Madaktari walimtia maji mshipani. Hawakuona ugonjwa, na maji yaliingia bila kikomo kama yanamwagwa mchangani.

Siku moja adhuhuri Thabit alitoroka hospitali. Mahfoudha alijua alikokwenda, akaendesha gari moja kwa moja mpaka kiwandani. Wafanyakazi walikuwa wameenda kusali. Mashine kimya. Harufu ya asumini ilimjaa puani.

Thabit alikuwa amepiga magoti, ameivunja sakafu kwa sururu.

"Sikiliza," alinong'ona. "Wako chini."

Mahfoudha alisikia. Wanawake wanacheka. Maji yanarushwa.

"Tuondoke, Thabit. Nakuomba."

"Nna kiu."

Shimoni maji yalipanda, maangavu. Thabit akainama anywe. Mkono ukatoka. Mkono wa kizee, wenye hina vidoleni. Ukamshika kisogo.

Ukavuta.

Mahfoudha alimng'ang'ania mumewe kiunoni, mkono wake wa kulia ukazama mpaka begani. Alivuta. Alilia. Chini, kicheko kikazidi.

Wafanyakazi waliporudi walimkuta ameketi sakafuni. Shimo lilikuwa kavu, mchanga mtupu. Thabit alikuwa amelala kifudifudi, uso ndani, kinywa kimejaa saruji iliyokwisha kuganda. Waoshaji walishindwa kumfumba mdomo. Alizikwa hivyo.

Kiwanda kilifungwa. Mahfoudha alihamia kwa dadake, mtaa wa Al Khuwair. Buibui alilovaa siku ile hajalitupa. Lipo kwenye kamba, uani, chini ya jua la Maskati linalokausha kila kitu. Mwaka wa kumi huu. Mkono wa kulia bado unadondosha maji.